Kiungani: Chuo cha Makabila Mengi

Umoja wa wananchi wetu aghalabu huhesabiwa kuwa tunda la Kiswahili na la harakati za kudai Uhuru. Hayo ni kweli. Hata hivyo, miaka mingi kabla ya Uhuru palikuwapo mahali ambapo vijana wa makabila mbalimbali walilazimika kujiuliza: sisi tusio na babu mmoja, tutaishije pamoja? Mahali pamojawapo ni Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, kusini mwa mji wa Unguja.

Mwaka 1864 Misheni ya Vyuo Vikuu, ikiongozwa na Askofu Tozer, ilihamia Unguja. Sultani Majid aliwapa wamisionari watoto watano waliotwaliwa katika jahazi la watumwa. Baadaye waliletwa wengine waliookolewa baharini na manowari za Uingereza. Walikuwamo Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, watoto waliotengwa na wazazi, ukoo na makaburi ya wazee wao. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa mwanzo.

Swali la kwanza lilikuwa lugha. Edward Steere, aliyefika pamoja na Tozer na kuwa askofu mwaka 1874, alijifunza Kiswahili cha Unguja, akakitolea kitabu cha sarufi mwaka 1870. Kiswahili kikawa lugha ya ibada, ya masomo na ya mazungumzo. Yafaa tulitafakari jambo hili. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya Myao wala ya Mmakua. Kwa hiyo hapana aliyeweza kujivuna mbele ya mwenziwe kwamba lugha ya kwao ndiyo inayotawala. Wote walikuwa wageni wake, na wote wakawa wenyeji wake. Mwaka 1888 lilianzishwa gazeti la Msimulizi, ambamo watu wa Kiungani walipashana habari kwa lugha hiyo.

Kisha wakaja vijana waliozaliwa huru, hasa kutoka Bonde. Katika zama zilizompima mtu kwa uungwana au utumwa wake, mwana wa mwungwana kuketi benchi moja na aliyewahi kuuzwa halikuwa jambo dogo.

Lakini historia haifai kupambwa. Wakuu wa misheni, akiwamo Askofu Smythies, walisisitiza kwamba Mwafrika asigeuzwe Mzungu. Hata hivyo mamlaka yalibaki mikononi mwa Wazungu. Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Kiungani, alipata upadri mwaka 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni hiyo. Ilipita miaka 80 ndipo Mwafrika, John Sepeku, akawa Askofu Mkuu wa kwanza wa Jimbo la Tanzania mwaka 1970. Kukaribishwa nyumbani ni jambo moja. Kushirikishwa katika kuiongoza nyumba ni jambo jingine.

Wahenga walisema: mwacha asili ni mtumwa. Maneno hayo yanamkumbusha mtu Yohana Abdallah, Myao aliyesoma Kiungani na kupata upadri mwaka 1898. Yeye aliandika historia ya watu wake kwa Kiyao, na kitabu hicho, Chiikala cha Wayao, kilichapishwa mwaka 1919. Alikuwa Mkristo, akakijua Kiswahili, na bado akaona kuwa masimulizi ya wazee wake yanastahili wino na karatasi. Chuo cha makabila mengi hakikumfanya asahau kabila lake.

Katika miaka ya 1920 chuo kilihamishiwa Minaki, karibu na Dar es Salaam. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule hiyo, kama nyingi za misheni, ikawa mali ya umma, na milango yake ikawa wazi kwa vijana wa dini zote. Hivyo duara lililoanza na mayatima wa jahazi likapanuka likawa la taifa zima.

Walimu na wanafunzi wanaokutana leo mabwenini kutoka mikoa mbalimbali wamerithi jambo hilo. Basi na tuwaulize vijana wetu habari za kwao, hadithi za bibi zao na maana ya majina yao, na tuwape nafasi ya kuzieleza kwa Kiswahili mbele ya wenzao. Umoja unaodai mtu asahau alikotoka huwa mwepesi kuvunjika. Umoja wenye nguvu ni ule ambao kila mmoja huingia nao na urithi wake, akapewa pia sauti katika baraza.