Zawadi ya 1948 na mwandishi aliyerudia kwao



Mwezi uliopita kijana mmoja aliyerudi toka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, alinionyesha kaye ya hadithi zake. Aliifunga katika plastiki isilowane ziwani. Akaniuliza: "Sasa nani atasoma?" Swali lile lilinikumbusha namna mwandishi mmoja wa huku kwetu Kongo alipata zawadi.

Mwaka 1945, gazeti La Voix du Congolais lilianza kutoka Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Ndani yake Paul Lomami Tshibamba aliandika makala kuuliza nafasi yetu Wakongomani itakuwa gani katika dunia ya kesho. Wakubwa wa koloni hawakupenda. Walimuhoji, wakamuazibu.

Miaka mitatu baadaye, 1948, maonyesho ya kikoloni ya Bruxelles yalifanya mashindano ya uandishi. Nani alipata zawadi ya kwanza? Ni yeye yule. Kitabu chake kinaitwa Ngando, maana yake mamba: mtoto anachukuliwa na mamba mtoni, na baba yake anaenda kumutafuta. Kiliandikwa kwa Kifaransa, kikachapwa kule kule Bruxelles.

Kwa hiyo zawadi ilikuwa ya kweli, lakini mashindano yalikuwa ya wengine. Koloni iliyomuazibu juu ya swali ndiyo ilimupongeza juu ya hadithi.

Na zawadi haikumupatia utulivu. Alivuka mto akaishi Brazzaville, na toka 1950 aliongoza huko gazeti Liaison. Uhuru ulipokaribia, alirudia Léopoldville. Basi ni mwenzetu: naye alijua kutoka na kurudi. Mwaka 1972 alichapisha tena, safari hii Kinshasa kwenyewe.

Ile kaye ya kijana niliisoma yote, usiku mmoja. Iko na makosa, lakini iko na mambo ambayo hakuna ripoti yetu imeandika.

Ndiyo sababu ninapendekeza tufanye mashindano madogo ya vijana wetu, kwa Kiswahili, Kibembe, Kifulero ao Kifaransa. Zawadi iwe makaye, biki, na hadithi kutoka katika jarida hili. Wafadhili watusaidie karatasi. Kusoma na kuchagua, tutafanya sisi wenyewe.