Historia ya kidato cha sita: ilikotoka, na wazee iliowaacha njiani

Mwalimu aliyejiuzulu kazi katika shule ya St. Francis, Pugu, mwezi Machi 1955 ili ashike siasa moja kwa moja, alikuwa mwalimu wa historia. Julius Nyerere alirudi kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952 akiwa na shahada ya sanaa, historia ikiwa miongoni mwa masomo aliyosoma, akaingia darasani Pugu. Taifa zima linamwita Mwalimu, lakini ni wachache wanaouliza alikuwa akifundisha nini. Swali hilo lina uzito kwa kila anayesoma historia katika miaka miwili ya mwisho ya sekondari leo, kwa sababu somo hilo kama tulivyo nalo Tanzania lilizaliwa kwa ugomvi juu ya nani ana historia na nani hana.

Wakati huo mitihani ilitungwa Cambridge. Mwanafunzi wa Tabora au Pugu aliandika majibu yake, karatasi zikapanda meli kwenda Uingereza kusahihishwa. Afrika ilitokea kwenye silabasi pale tu Mzungu alipotia mguu: mpelelezi, mmisionari, gavana. Waliofika juu kabisa walikuwa wachache mno. Nyerere mwenyewe alizitaja takwimu hizo katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, mwezi Machi 1967: mwaka wa Uhuru, katika wanafunzi 11,832 wa sekondari, waliokuwa kidato cha sita ni 176 tu. Miaka sita baadaye walifika 830. Hao 176 ndio waliotarajiwa kuja kuwa mabwana shauri, mabalozi na walimu wa nchi mpya, na walikuwa wameijua Uingereza na himaya yake kuliko walivyojua kilichotokea Ngarambe, alikoishi Kinjikitile Ngwale, nabii wa Vita vya Majimaji.

Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Terence Ranger, aliyefukuzwa Rhodesia ya Kusini kwa kusimama upande wa wanaharakati wa Kiafrika, aliteuliwa mwaka 1963 kuwa profesa wa kwanza wa historia. Mwaka huohuo, huko Uingereza, Hugh Trevor-Roper wa Oxford alitamka kwamba Afrika haina historia ya kufundishwa, isipokuwa ile ya Wazungu walioko Afrika. Dar es Salaam ilijibu kwa kazi. Isaria Kimambo alikwenda kwa wazee wa Upare, akaandika historia ya siasa ya Wapare kutokana na simulizi zao. Gilbert Gwassa alikwenda Umatumbi na Kilwa kuwatafuta watu waliokuwa hai wakati wa Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo ulipo utajiri wote wa somo hili. Kumbukumbu nyingi za kimaandishi za Majimaji zilikuwa za Wajerumani, na ndani yake vita vilikuwa uasi wa washenzi waliodanganywa na waganga. Gwassa alikaa na wazee, akawauliza nani alipeleka ujumbe, kwa njia gani, watu walisikia nini kuhusu Kinjikitile Ngwale, na waliamini nini hasa. Hakukubali kila alichoambiwa. Alilinganisha mzee na mzee, kijiji na kijiji, kisha simulizi na nyaraka. Akiwa na John Iliffe, alichapisha kumbukumbu hizo mwaka 1968. Mwaka huohuo wanafunzi wa chuo waliokwenda likizo makwao kusini walipewa kazi ya kuwahoji wazee wao wenyewe, katika mradi wa utafiti wa Majimaji wa 1968 na 1969. Kijana aliyejua lugha ya kwao na adabu za kwao alikaa chini, akamwamkia babu, akasikiliza, akaandika. Sijui njia bora zaidi ya kufundisha historia.

Matunda yake yalifika shuleni. Chama cha Historia cha Tanzania kilitoa vijitabu vyepesi vya kusomwa na walimu na wanafunzi. Mwaka 1969 Kimambo na Arnold Temu walihariri kitabu cha historia ya Tanzania ambacho kiliwakalisha Watanzania katikati ya habari zao. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria mwaka 1973. Karatasi hazikupanda meli tena.

Katikati ya hayo aliingia Walter Rodney, mwana wa Guyana aliyefundisha Mlimani, kwenye kampasi ya chuo hichohicho cha Dar es Salaam. Kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoirudisha nyuma Afrika kilichapwa mwaka 1972, London na Dar es Salaam, na hadi leo roho yake imo katika insha za kidato cha sita: ujima, utumwa, ukabaila, ubepari, biashara ya watumwa na kilichoporwa, uchumi wa kikoloni na reli zilizokimbilia bandarini. Ni urithi mkubwa, nami nauheshimu. Lakini Rodney aliandika akibishana. Kila ukurasa wake una mtu anayepingwa. Tulichowapa vijana wetu ni hitimisho lake bila ubishi wake, likiwa limekatwakatwa kuwa hoja sita za insha.

Ingia kwenye darasa lolote la tahasusi ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) au HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) miezi michache kabla ya mtihani wa Mei utaona. Noti zilizochapwa na mtu asiyejulikana zinapita mkono kwa mkono. Sababu za kuvamiwa Afrika: sita. Athari za Vita Kuu ya Kwanza: sita. Utangulizi na hitimisho vimeshaandikwa tayari. Mwanafunzi anakariri usiku, tena kwa Kiingereza, habari za Majimaji ambazo huenda bibi yake angemsimulia jioni moja kwa Kimatumbi au Kingoni. Simlaumu mwanafunzi wala mwalimu wake. Insha za saa tatu zinamlipa aliyekumbuka, na chuo kikuu kinamsubiri mwenye alama.

Serikali imelitazama somo hili upya. Mtaala wa 2023 umeweka somo la Historia ya Tanzania na Maadili, kwa Kiswahili. Mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa hadi 65, na historia ikapata wenzi wapya. Kuhusu lugha nafurahi. Kuhusu maadili nina wasiwasi: somo linalotakiwa kutengeneza raia wema huvutwa upesi kuwa orodha ya mashujaa, na orodha hukaririwa kirahisi kuliko hata sababu sita. Wazee wa Majimaji hawakumpa Gwassa mashujaa watupu. Walimpa pia hofu, njaa iliyoua wengi baada ya vita, na watu waliokataa kujiunga.

Gwassa aliwakuta wazee wale takriban miaka sitini baada ya 1905, na wengi walikuwa vijana tu vita vilipoanza. Wazee wa leo nao wana yao: Operesheni Vijiji, iliyowahamishia watu katika vijiji vya pamoja, ilifanyika kati ya 1973 na 1976. Aliyehamishwa akiwa na miaka 20 mwaka 1974 sasa amepita 70. Aliyepigana Vita vya Kagera 1978 na 1979 ana umri wa kukaa barazani. Umbali unakaribia kuwa uleule, na dirisha liko wazi kwa muda uleule mfupi. Kila mwanafunzi wa kidato cha tano anapokwenda likizo ya Desemba ana mzee wa aina hiyo nyumbani au jirani. Taasisi ya Elimu na Baraza la Mitihani wakikubali mahojiano mawili yaliyolinganishwa, yenye tarehe, mahali na maswali yaliyoulizwa, yahesabiwe kama insha nzima kwenye alama za mwisho, kazi hiyo inaweza kuanza Desemba hii.