Kabla ya Kuchagua Zana ya Kutengeneza Mafunzo ya Mtandaoni, Ijue Historia Yake

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, siku hizi wengi mnataka kufundisha kupitia mtandao. Mmoja anajua kulea vifaranga, mwingine kukausha mboga, mwingine kutunza hesabu za duka. Swali linalonifikia ni moja: nitumie zana gani kutengeneza tovuti ya mafunzo, nami ni mgeni kabisa? Kabla ya jibu, turudi nyuma kidogo. Waliotutangulia walipata hasara ambayo sisi hatuna haja ya kuirudia.

Mwaka 1989 Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyefanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, Uswisi, alipendekeza njia ya kuunganisha nyaraka zilizomo kwenye kompyuta mbalimbali. Mwaka 1991 tovuti ya kwanza ilifunguliwa kwa watu wote. Iliandikwa kwa HTML, yaani maandishi ya kawaida yenye alama ndogo zinazoonyesha hiki ni kichwa, hii ni aya, hiki ni kiungo. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliruhusu kila mtu kutumia teknolojia hiyo bila malipo.

Kuandika alama hizo kwa mkono kuliwachosha wengi, ndipo zikaja njia rahisi. GeoCities, iliyoanza mwaka 1994, iliwapa watu nafasi ya bure ya kuweka kurasa zao. Yahoo iliinunua mwaka 1999, na Oktoba 2009 ikaifunga Marekani. Asiyekuwa na nakala yake alibaki kutegemea wasamaria waliowahi kuhifadhi baadhi ya kurasa.

Wakufunzi nao waliipenda Flash, kwa kuwa ilileta picha zinazosogea, sauti na maswali ya kubofya. Lakini simu ya iPhone ilipotoka mwaka 2007 haikuikubali, na tarehe 31 Desemba 2020 kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia. Masomo yaliyotegemea Flash peke yake hayakufunguka tena kwenye vivinjari vya kawaida. Masomo yenyewe hayakuwa mabaya. Ghala lilifungwa, na ufunguo haukuwa mikononi mwa mwenye mazao.

Kuna waliofuata njia nyingine. Martin Dougiamas alikulia jangwani Australia, akasoma shule kwa njia ya redio kwa sababu ya umbali. Mwaka 2002 alitoa Moodle, programu ya kuendeshea kozi mtandaoni. Mwaka uliofuata ikaja WordPress, ya kutengenezea tovuti. Zote mbili ni programu huria: kuzipata ni bure, na kazi yako unaweza kuihamisha. Na ule ukurasa wa kwanza wa CERN, ulioandikwa kwa maandishi mepesi, unafunguka hata leo kwenye simu yako.

Kutokana na historia hiyo, nakushauri hivi:

1. Andika somo lako kwanza kwenye daftari. Zana haiwezi kulinyoosha somo lisiloeleweka.

2. Kama masomo yako ni ya kusoma na kutazama picha, anza na WordPress. Moodle iache hadi utakapohitaji kusajili wanafunzi, kutoa majaribio na kutunza alama, maana inataka uangalizi zaidi.

3. Programu ikiwa bure, nafasi ya kuiweka mtandaoni huenda ukailipia. Uliza bei ya mwaka wa pili, si ya mwaka wa kwanza tu.

4. Uliza kama unaweza kutoa kazi yako yote siku ukitaka kuhama. Wakikosa jibu la wazi, waache.

5. Tunza nakala ya maandishi, picha na video zako kwenye kadi ya kumbukumbu, kama unavyotunza mbegu ya msimu ujao.

Mwisho, usipakie masomo 20 kwa mpigo. Pakia moja, kisha lifungue kwenye simu ya bei ndogo ya jirani, mahali penye mtandao hafifu. Halafu jaribu kulitoa. Likifunguka kwa jirani na likatoka salama, endelea na la pili.