Askari wa Ukoo Wetu

Kwetu Njinjo, ukifika msibani au harusini, hutakosa mtu wa ukoo wetu anayejigamba kwamba sisi ni wajukuu wa askari wa Mjerumani. Habari hiyo nimekua nayo. Hata mjini, kijiweni, nimewahi kuwatambia washkaji kwayo. Mwaka jana nikasema, basi, niifuatilie niiandike, maana vijana tunapenda kuandika habari za watu wa mbali wakati za nyumbani zinazikwa na wazee.

Msimuliaji wangu ni bibi, maana huyo askari ndiye baba yake mzazi. Nilimwuliza: "Bibi, baba yako alijiunga lini na jeshi?" Akanitazama. "Mume wangu, kujiunga kupi? Alichukuliwa."

Neno hilo moja ndilo lililonitia mashaka.

Hebu tuitazame historia. Jeshi la Mjerumani lilianza hapa mwaka 1889 kwa kuajiri Wasudani kutoka Misri na watu wa kusini kutoka Msumbiji. Baadaye wakaingia Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema. Uaskari ulikuwa kazi ya mshahara, mtu aliitafuta. Sasa jiulize, kwetu nyuma ya Kilwa nani angeikimbilia kazi ile? Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa Kivinje mwaka 1895. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba ya serikali, Maji Maji ikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe akanyongwa Mohoro mwezi Agosti. Kisha wakaja askari wakachoma vijiji na mashamba, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Kama babu yetu alikuwa askari wakati huo, basi alichoma maghala ya majirani zake. Tunapojigamba msibani, mbona hilo hatulisemi?

Lakini mahesabu ya bibi hayafiki 1905. Wakati huo baba yake alikuwa mtoto. Alichukuliwa wakati wa vita vikubwa, vile vya 1914 hadi 1918. Waingereza walishika Kilwa mwaka 1916, na mwaka uliofuata nyika yetu ikawa uwanja wa vita. Julai 1917 walipigana Narungombe, mahali penye visima, na Oktoba wakauana Mahiwa, upande wa Lindi. Malori yalikwama, farasi na punda walikufa kwa ndorobo. Nani abebe unga, risasi na majeruhi? Watu.

Upande wa Mwingereza peke yake ulitumia wapagazi wapatao milioni moja, na wanaokadiriwa kufa ni kama 100,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa. Jeshi lao la wapagazi liliitwa Carrier Corps. Ndugu yangu unayepita Kariakoo kila siku kutafuta mitumba, jina unalolitamka ni hilo hilo.

Nikarudi kwa bibi. Baba yako alirudi na nini? Akajibu: "Na sugu. Hapa begani, ngumu kama kisigino." Bunduki haiachi sugu ya namna hiyo, wasomaji wenzangu. Mzigo wa kilo 25 au zaidi, kutwa kucha, unaiacha.

Jambo la tatu. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua askari wazee waliobaki walipwe mishahara yao ya vita. Husimuliwa kwamba huko Mwanza wazee wengi walifika bila cheti, wakapewa fagio na kuamriwa kwa Kijerumani wafanye gwaride, na wote wakaweza. Bibi anakumbuka baba yake alipopata habari za malipo hayo. Hakwenda. Alicheka tu akasema fedha ile ni ya wenye bunduki.

Marekani, mtu akitaka kujua kama babu wa babu yake alipigana vita vya uhuru vya 1775 hadi 1783, hufungua majalada ya pensheni. Serikali ilimlipa, kwa hiyo ilimwandika. Mpagazi wetu hakuwa na pensheni, kwa hiyo hana jalada. Mwaka 2021 shirika la Jumuiya ya Madola linalotunza makaburi ya vita lilikiri kwamba waliokufa 116,000, na pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni watu wa Afrika Mashariki na Misri. Hata katika sanamu za ukumbusho, ile ya Nairobi ina mpagazi kati ya wale watatu. Ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, ni askari peke yake na bunduki yake.

Nadhani ndiyo maana ukoo wetu ulichagua uaskari. Askari ana sanamu.

Juzi kwenye arobaini ya mjomba, mzee mmoja alianza tena habari ya askari wetu. Nikainua mkono, nikasema kwa adabu: "Shikamoo babu, mzee wetu alikuwa mpagazi." Pakawa kimya. Kisha bibi, kutoka upande wa wanawake, akasema: "Mwacheni aseme. Mimi bega lile nililikanda kwa mafuta."

Sasa ninaandika majina ya wapagazi wengine wanaokumbukwa kijijini. Daftari ni la shule, la kurasa 96. Mpaka sasa nimepata kumi na moja.