Nzi tasa: hesabu ndogo, visiwa vingi na maembe ya Amu

Wenzangu, wiki hii tuiache kompyuta ipumzike kidogo. Najua wengi wenu mwaja hapa kusoma mambo ya programu na hifadhidata, na huenda mkashangaa mbona leo nazungumzia nzi. Subirini. Nzi hawa wana historia ambayo kila mpenda algoriti ataifurahia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imetendeka huku kwetu: Shinyanga, Tanga, Unguja. Tena ni historia ya visiwa, na sisi wa Amu tuna haki ya kuisoma kwa jicho letu.

Wazo lenyewe ni jepesi kulieleza. Wafuge wadudu waharibifu kwa wingi, watie utasa madume, kisha waachie porini. Jike akikutana na dume tasa hutaga mayai yasiyoanguliwa. Endelea hivyo kizazi baada ya kizazi mpaka mdudu atoweke, bila kunyunyizia shamba zima sumu.

Mwaka 1927 Hermann Muller alionyesha kuwa eksirei huharibu vinasaba vya wale nzi wadogo wanaojaa kwenye ndizi zilizoiva. Kazi hiyo ilimpa tuzo ya Nobel mwaka 1946. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Mmarekani Edward Knipling alikuwa akihangaika na nzi wa vidonda, yule ambaye mabuu yake hula nyama ya ng'ombe aliye hai. Aliona kuwa nzi huyo hana idadi kubwa sana porini, na kwamba jike hupandwa mara moja tu maishani. Akajiuliza: vipi tukimpa jike mume asiyezaa? Wakati huo hakujua atawatiaje utasa. Aliposoma maandishi ya Muller mwaka 1950 alimwandikia barua, na mwenzake Raymond Bushland akaanza majaribio ya mionzi. Ilifanya kazi.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana ndipo uzuri ulipo. Niliandika mistari michache ya Python kuona wazo hili linavyokwenda. Chukua majike 10,000 porini pamoja na madume 10,000, na tuseme kila jike mzazi huacha majike wawili. Mpango wa kwanza: piga dawa inayoua asilimia 90 ya kila kizazi. Mpango wa pili: achia madume tasa 30,000 kila kizazi. Majike wanaobaki ni hawa:

Kizazi cha 1: dawa 2,000, tasa 5,000
Kizazi cha 2: dawa 400, tasa 1,429
Kizazi cha 3: dawa 80, tasa 130
Kizazi cha 4: dawa 16; tasa 1
Kizazi cha 5: dawa 3; tasa 0

Mwaona? Dawa huanza mbio na kuchoka mwishoni, kwa sababu huua asilimia ile ile hata nzi wakiwa wachache. Madume tasa huanza polepole, lakini kadiri nzi wa porini wanavyopungua ndivyo uwezekano wa jike kukutana na dume mzima unavyokuwa mdogo. Ni nadra kupata silaha inayozidi kuwa kali kadiri adui anavyodhoofika. Na jawabu la busara liko wazi: anza na dawa, malizia na nzi tasa. Shikeni jambo hilo, tutakutana nalo Unguja.

Kabla ya Unguja lakini, kuna Shinyanga. Miaka ya 1940, wakati Knipling bado ana wazo kichwani tu, mtafiti F. L. Vanderplank alikuwa Tanganyika akishughulika na ndorobo, au mbung'o kama wengine tunavyowaita, wanaoleta nagana kwa mifugo na malale kwa watu. Shinyanga ilikuwa na kituo kikubwa cha utafiti wa ndorobo. Vanderplank aligundua kuwa aina mbili za ndorobo zikichanganyika hupata watoto wachache, na watoto hao wengi ni tasa. Alichapisha wazo lake katika jarida la Nature mwaka 1944. Kisha akaleta mabuu-bwete ya aina moja na kuyaweka kwenye pori kavu la aina nyingine. Wenyeji wa pori walipungua mno, na wageni nao hawakuuweza ukame wa pale. Hakutumia mionzi wala mashine. Alitumia ndoa isiyo na kizazi tu. Mara nyingi tunaambiwa kuwa mbinu hii ilizaliwa Marekani. Mie nasema ilikuwa na mama wawili, na mmoja wao alikuwa Shinyanga.

Turudi kwa Wamarekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walijaribu nzi wao tasa kwenye kisiwa cha Sanibel, pembeni mwa Florida. Nzi wa vidonda karibu waishe, lakini hawakuisha kabisa. Sababu? Sanibel iko karibu mno na bara. Majike waliokwisha kupandwa walivuka maji na kuanza upya. Basi mwaka 1954 wakahamia Curaçao, kisiwa kilicho mbali na pwani ya Venezuela, na ndani ya miezi michache nzi akamalizika. Dawa ile ile, nzi wale wale. Kilichotofautiana ni upana wa bahari.

Haya, sasa Unguja. Kisiwa hiki kilikuwa na aina moja tu ya ndorobo, Glossina austeni, na watu walishindwa kufuga ng'ombe wa maziwa wa kisasa kwa sababu ya nagana. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe walipakwa dawa mgongoni, na vitambaa vyenye dawa vikatundikwa vichakani. Ndorobo walipungua sana, ila hawakuisha. Msitu wa Jozani ulibaki ngome yao. Huo ndio ule mkia wa safu ya dawa katika jedwali langu.

Ndipo Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, pamoja na serikali na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wakaleta hatua ya pili. Kiwanda cha nzi kilikuwa Tanga, ng'ambo ya mkondo, kwenye kituo cha utafiti wa ndorobo ambacho tayari kilikuwa na uzoefu: miaka ya 1970 nzi tasa walikuwa wamejaribiwa katika mkoa ule ule, kwenye ranchi ya Mkwaja. Hebu fikirini kazi ya kufuga ndorobo. Hali majani wala sukari, anataka damu. Na jike wa ndorobo hatagi mayai mamia. Hulea buu moja tumboni, akalizaa, akaanza tena, kama siku tisa au kumi kila mara. Damu ya ng'ombe ilitoka machinjioni, ikawekwa chini ya utando mwembamba wa silikoni unaoigiza ngozi, na nzi wakanywa hapo. Madume yakapigwa mionzi ya gama. Na kwa kuwa dume wa ndorobo naye huuma, walilishwa damu yenye dawa ya nagana kabla ya kuachiwa, wasije wakasambaza ugonjwa ule ule waliotumwa kuumaliza.

Kuanzia Agosti 1994, ndege ndogo ilipita juu ya kisiwa mara mbili kwa wiki ikiangusha maboksi ya nzi waliopoozwa kwa baridi. Mpaka Desemba 1997 walikuwa wameangushwa madume tasa milioni 8.5. Gawanyeni wenyewe, ni karibu elfu 48 kwa wiki. Katikati ya 1995 mitego ilionyesha madume tasa zaidi ya 50 kwa kila dume mmoja wa porini. Mwisho wa mwaka huo wakapita 100. Ndorobo wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Mitego iliendelea kuangaliwa na ndege iliendelea kuruka kwa zaidi ya mwaka, na mwishoni mwa 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina ndorobo.

Napenda sana huo mwaka wa ziada. Sisi waandishi wa programu twajua ugumu wa kuthibitisha kuwa kitu hakipo. Mtego mtupu haukuambii nzi wameisha, wakuambia tu kuwa leo hukunasa. Waliendelea kuachia nzi tasa na kuendelea kutega hadi shaka ikawa ndogo ya kutosha.

Nje ya visiwa mambo ni magumu zaidi. Nzi wa vidonda alipoingia Libya mwaka 1988, bara zima la Afrika lilikuwa hatarini, sisi na ng'ombe wetu na wanyama wetu wa mbugani. Nzi tasa walisafirishwa kwa ndege kutoka Mexico hadi kufikia milioni 40 kwa wiki, na mwaka 1992 Libya ikatangazwa salama. Jangwa lilisaidia kama bahari. Huko Amerika, nzi huyo alisukumwa hadi Panama na kuzuiwa pale kwa miaka kwa kuachia nzi tasa bila kupumzika. Ukuta huo ulivunjika miaka ya karibuni: tangu 2023 nzi amerudi Amerika ya Kati nchi baada ya nchi, na Novemba 2024 alionekana tena Mexico. Bila bahari, ulinzi hauna mwisho.

Sasa maembe. Ami yangu ana miembe yake upande wa Kipungani. Waweza kulishika embe lake likakupendeza kwa rangi na harufu, ukilikata ni mabuu. Aliposikia habari za Unguja aliniuliza: "Mwanangu, kama waliweza kwa ndorobo, mbona hawaji kwa hawa?"

Nzi anayemsumbua ni mgeni kama yule wa Libya. Aligunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003 na watafiti wa icipe. Mwaka 2005 alipewa jina Bactrocera invadens, yaani mvamizi, na mwaka 2015 wataalamu wakakubaliana kuwa kumbe ni Bactrocera dorsalis, nzi wa matunda wa Asia anayejulikana siku nyingi. Kwa sababu ya nzi wa matunda Kenya ilijizuia yenyewe mwaka 2014 kupeleka maembe Ulaya, na soko hilo halikufunguliwa tena mpaka 2021.

Je, nzi tasa wanafanya kazi kwa nzi wa matunda? Ndiyo. Kisiwa cha Rota, katika Pasifiki, kilimaliza nzi wa matikiti mwaka 1963. Japani ilianza na kisiwa cha Kume mwaka 1972 na kufikia 1993 Okinawa yote ilikuwa safi. Kwa nzi wa matunda aitwaye Medfly, ambaye asili yake ni Afrika, kuna hata ujanja ambao mtu wa programu atatabasamu: wamezalisha ukoo ambao mayai yakipashwa joto, majike hufa na madume hubaki. Kichujio kimewekwa ndani ya vinasaba.

Lakini turudi kwenye hesabu yangu. Ikiwa kila jike huacha majike R, unahitaji madume tasa zaidi ya mara R−1 ya madume wa porini, la sivyo wataongezeka tu. R ikiwa 2, tasa wanaozidi 10,000 kidogo watatosha kuwashinda 10,000. R ikiwa 10, wahitaji zaidi ya 90,000. Ndorobo huzaa mmoja mmoja. Nzi wa maembe hutaga mamia. Hivyo kwa embe ni lazima kwanza uwapunguze sana kwa njia nyingine.

Na njia hiyo ipo. Dume wa dorsalis huvutwa mno na harufu ya methili ujenoli. Katika Rota hiyo hiyo, dorsalis alimalizwa kwa vipande vya mbao vilivyolowekwa harufu hiyo na sumu, bila nzi tasa hata mmoja. icipe nao wameachia nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya nzi, na wanafundisha wakulima kuyakusanya maembe yaliyoanguka na kuyafungia ili mabuu yasitoke.

Kwa hiyo jibu langu kwa ami lilikuwa hili: Amu si Unguja, Amu ni Sanibel. Manda iko ng'ambo ya mkondo tu, Mokowe ni dakika chache kwa boti, na kila siku matunda ya Hindi, Mpeketoni na Witu yanashuka gatini. Nzi wa matunda hahitaji kuruka, hupanda chombo ndani ya kikapu, nauli hatozwi. Tukileta nzi tasa Amu peke yake, tutakuwa twachota maji kwa pakacha.

Hilo halina maana kuwa hakuna la kufanya. Fundisho kubwa la Unguja, kwa maoni yangu, si mionzi. Ni kwamba kisiwa kizima kilihesabiwa kuwa shamba moja. Mkulima mmoja akinyunyiza dawa na jirani yake akiacha maembe yakioza chini ya mti, wa kwanza amepoteza pesa yake na kuipa familia yake sumu bure. Lakini Amu, Manda, Pate na bara ya Hindi zikitega mitego ya harufu wiki moja, zikizika maembe yaliyoanguka wiki moja, R inashuka kwa wote. Hapo ndipo mtu anaweza kuanza kuzungumza juu ya kiwanda cha nzi, na Tanga si mbali.

Kazi hiyo yahitaji ramani ya miti, hesabu za mitego kila wiki na simu ya kuzikusanya. Hayo ni mambo ambayo vijana wa kompyuta wa kisiwani twayaweza bila kungoja mtu. Mie nimeshaanza na mitego minne.