Taa za reli kwa ukumbi wenye dari la mteremko: soma kabla hujaenda Kariakoo

Huku kwetu Kibaha na Kisarawe ukisema "reli" mtu anawaza SGR, ile iliyoanza kubeba abiria Juni 2024 ikipita Pugu na Soga. Mimi leo naongelea reli nyingine kabisa: kijiti cha aluminiamu kinachofungwa juu, ndani yake kuna shaba ya umeme, halafu vichwa vya taa unavipachika popote na kuvisogeza bila kutoboa tundu jipya. Kampuni ya Lightolier ya Marekani ndiyo iliyoileta sokoni mwaka 1961. Zamani ilikuwa mambo ya makumbusho na maduka ya nguo, siku hizi hadi sebule za Maili Moja zinazo.

Kilichonifanya niandike ni ukumbi mmoja wa kikundi cha akina mama hapa Kibaha. Mita 8 kwa 12, dari limefuata kenchi, pale katikati kileleni ni mita 6. Walichanga miaka mitatu wapate wa kukodisha kwa sendofu na harusi. Wakanunua taa za reli, kishoka akafunga. Mwezi wa nne kichwa kimoja kikafa, kijana akapandishwa ngazi akibadilishe. Akapigwa shoti, akaanguka, mkono ukavunjika. Mimi niliitwa kesho yake.

Sababu niliiona hata kabla ya kupanda. Reli ilikuwa ya nyaya mbili, yaani laivu na nyutro tu, hakuna ethi. Skrubu ya kushikilia ilikuwa imebana waya hadi ganda likapasuka, kwa hiyo aluminiamu nzima ya mita kadhaa ilikuwa na umeme ikimsubiri mtu. Hizi za nyaya mbili ndizo zimejaa madukani kwa sababu ni rahisi. Jamani, kwa mwili wa chuma ulio juu namna ile, nunua ya nyaya tatu, na hakikisha ethi imefika kweli kwenye rodi iliyozikwa nje, isiishie kwenye kiboksi cha swichi. Halafu weka RCD ya miliampia 30, ile inayokata umeme ukivuja. Na fundi awe na leseni ya EWURA. Mwombe akuonyeshe, asikununie.

Haya, turudi kwenye dari. Kosa la wengi ni kufikiri kwamba kwa kuwa paa ni refu basi taa zikae kileleni. Mwanga haupungui taratibu kama maji kwenye ndoo. Ukiongeza umbali mara mbili, mwanga unaofika unabaki robo. Taa iliyokupendeza dukani ikiwa mita 3 kutoka sakafuni, ukiipandisha mita 6 ndiyo hivyo, robo. Dawa ni kuishusha reli. Itundike kwa waya wa chuma au minyororo ikae usawa wa mita 4 hivi, iende sambamba na kile kilele, usiipandishe ikifuata mteremko. Ikifuata mteremko, vichwa vya chini vinawapiga watu machoni. Faida nyingine: siku ya kubadilisha huhitaji ngazi ya kutisha.

Kama unang'ang'ania kuifunga kwenye mteremko wenyewe, geuza shingo ya kichwa ukiwa bado dukani. Kuna vichwa havipindi vya kutosha, matokeo yake taa inaangalia ukuta wa jirani, teh teh.

Sasa upana wa mwanga. Kila kichwa kina nyuzi zake, zimeandikwa kwenye boksi. Kutoka mita 4, nyuzi 24 zinatoa duara la mita 1.7 sakafuni, nyuzi 36 mita 2.6, nyuzi 60 karibu mita 4.6. Nyuzi 24 ni za jukwaani kwa maharusi. Ukiziweka ukumbi mzima unapata madoa ya chui: huyu anaonekana, aliye pembeni yake kiza. Viti vinataka 60.

Idadi je? Usihesabu wati, hesabu lumeni. Ule ukumbi ni mita za mraba 96. Kwa sherehe na mikutano nilichukua luksi 150, ukizidisha unapata lumeni 14,400. Dari refu, mbao na vumbi vinakula, kwa hiyo nikazidisha mara mbili: 28,800. Kichwa cha wati 20 kizuri kinatoa kama lumeni 1,800. Gawanya, vichwa 16. Jumla wati 320, ukiwasha saa nne umetumia yuniti 1.28 za LUKU. Kama ni sehemu ya kusomea, chukua luksi 300, yaani vichwa mara mbili, na hapo kusema kweli reli peke yake sio jibu, changanya na taa nyingine ndefu za kawaida.

Rangi ya mwanga wadau wengi hawaiangalii. Ile 6500 nyeupe ya bluu inafanya pilau lionekane la jana. Ukumbini weka 3000 au 4000, na Ra iwe 90 au angalau 80, ngozi na vitenge vionekane vilivyo. Kwa mdau wa Kisarawe, hasa anayeishi karibu na msitu wa Pugu au Kazimzumbwi, chukua 3000 bila kujiuliza. Mwanga wa njano unavuta wadudu wachache kuliko mweupe, na kumbikumbi wa masika unawajua mwenyewe.

Kitu kingine ni joto. Chini ya bati mchana ni oveni, na kinachokufa kwenye taa za LED mara nyingi sio balbu bali draiva, kile kikopo cha umeme. Hapo kuna sababu ya pili ya kuishusha reli. Chagua kichwa kizito chenye mapezi ya aluminiamu, chepesi kama karatasi ni kimeo. Pia soma volti: kilichoandikwa 85 hadi 265 kinavumilia umeme ukishuka, kile cha 220 hadi 240 kinaanza kupepesa.

Na usinunue reli duka hili na vichwa duka lile. Miguu yake inatofautiana hata kama kwa macho inafanana. Nunua vyote pamoja, pachika palepale, omba viwili vya akiba. Kuna reli za nyaya nne pia, unawasha jukwaa peke yake na viti peke yake, ila bei yake imechangamka. Akina mama wale tuliwafungia reli mbili za kawaida, kila moja na swichi yake, na ile ya zamani ikashushwa yote. Kijana amepona mkono, ila ngazi hapandi tena, sasa anashika chini na kupokea skrubu.