Hata Goti la Bingwa Lilihitaji Muda

Mwaka 2012 David Rudisha alishinda mita 800 kule London kwa rekodi ya dunia. Mwaka 2013 goti likamuumiza, akakosa mashindano ya dunia ya Moscow. Alirudi mwaka 2014 akapata medali ya fedha Glasgow. Dhahabu ikaja Beijing 2015 na Rio 2016.

Nawe hapa Machakos, mwanao akiteguka mguu mpirani, usiukande kwa nguvu. Asipoweza kukanyaga hatua nne, mpeleke hospitali. Kama anaweza, apumzike siku mbili tatu, kisha atembee taratibu. Maumivu huisha kabla nyuzi za ndani hazijakomaa. Hizo huhitaji majuma kadhaa. Usimharakishe kurudi uwanjani.